Mdogo wangu aliyeko Kentucky anataka kununua bastola: sheria ya Marekani inampa nini hasa?

Yaya wa Kadutu (Bukavu):

Nawasalimu nyote, wandugu wa Bukavu, Goma na Lubumbashi. Naomba mvumilie urefu wa maelezo yangu, kwa sababu jambo hili limetunyima usingizi nyumbani tangu Jumapili.

Mdogo wangu anayenifuata yuko Louisville, katika jimbo la Kentucky, tangu mwaka 2022. Alikaa miaka mingi kambini Uganda, akahojiwa mara nyingi, hatimaye akapokelewa kama mkimbizi pamoja na mke wake na watoto wao wawili. Sasa ana kadi ya ukaazi wa kudumu, ila hajatimiza ile miaka mitano inayotakiwa kabla ya kuomba uraia. Anafanya kazi ghalani zamu ya usiku, na mke hubaki peke yake na watoto. Mwezi uliopita kioo cha gari la jirani kilivunjwa. Wiki iliyofuata, saa nane za usiku, wifi yangu alisikia kitasa cha mlango wa nyuma kikizungushwa taratibu, kikaachwa, kikazungushwa tena. Aliwabeba watoto akajifungia nao bafuni hadi kulipokucha.

Mwenzake wa kazini amemwambia kwamba kule mwanamume mwenye familia hakai bila bastola, na kwamba hiyo ni haki iliyoandikwa katika katiba, hakuna wa kumuuliza. Jumapili alitupigia simu ya video akiwa dukani, akaigeuza ili tuone: bastola zimepangwa chini ya kioo kama saa za mkononi, na nyuma yake kuna fimbo za kuvulia samaki na viatu vya mvua. Mama alitazama kwa muda, kisha akailaza simu kifudifudi mezani, akaenda jikoni kuchambua maharage. Hakusema neno hadi jioni.

Mnajua tulivyolala sisi wa Bukavu mwezi wa Februari 2025, wanajeshi walipoondoka na silaha zikabaki kambini na njiani, zikaokotwa na vijana ambao juzi tu tuliwaona wakicheza mpira kartye. Kwetu, raia akiwa na bunduki, maana yake ni kwamba mlango wa mtu fulani utavunjwa usiku huo. Sasa ndugu yangu ananiambia kwamba huko ni kinyume chake, bunduki ndiyo inayolinda mlango. Ninaomba wanaofahamu wanieleze mambo mawili: sheria ya nchi ile inampa nini hasa mtu kama yeye, na kama angekuwa mdogo wenu, mngemjibu vipi?

Mwanasheria wa Katuba (Lubumbashi):

Dada, pole kwa wasiwasi, na umpe pole wifi yako. Nitajibu swali la kwanza, kwa sababu la pili ni la familia.

Kinachotajwa na mwenzake wa kazini ni Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791. Ni sentensi moja tu, na imegombaniwa kwa zaidi ya miaka 200, kwa kuwa inaanza kwa kutaja jeshi la mgambo lenye nidhamu, kisha inamalizia kwa kusema kwamba haki ya watu ya kuwa na silaha na kuzibeba haitakiukwa. Asili yake iko katika vita vya kumng'oa Mwingereza: asubuhi ya tarehe 19 Aprili 1775, askari wa mfalme walikuwa njiani kwenda Concord kukamata silaha na baruti za wakoloni walioasi, na hapo ndipo risasi za kwanza zilipofyatuliwa. Taifa lililozaliwa namna hiyo halikutaka serikali iwe na bunduki peke yake.

Kwa muda mrefu mahakama nyingi za huko zilifungamanisha haki hiyo na ule mgambo. Mwaka 2008 Mahakama Kuu, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliamua katika kesi ya Heller kwamba ni haki ya mtu binafsi, na ikafuta sheria ya jiji la Washington iliyokataza watu kuweka bastola nyumbani. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika hukumu hiyo, aliongeza mwenyewe kwamba haki hii ina mipaka kama haki nyingine. Mwaka 2010 mahakama iliyafunga majimbo na miji yote kwa kanuni hiyo. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen iliyotoka New York, ilisema haki hiyo humfuata mtu hata nje ya nyumba yake, na kwamba sheria yoyote ya kuibana lazima ifanane na desturi za kihistoria za nchi. Mwaka 2024 ikakubali, majaji wanane dhidi ya mmoja, kwamba mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa kumtishia mwenzi wake anaweza kunyang'anywa silaha.

Katiba inasema “watu”, haikuandika “raia”. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kununua bastola kihalali kwa sheria ya taifa. Kwa muuzaji mwenye leseni atatakiwa awe na miaka 21, atajaza fomu na kuthibitisha kwa sahihi yake kwamba majibu yake ni ya kweli, na jina lake litapitishwa FBI, utaratibu uliotokana na sheria ya Brady ya mwaka 1993. Waliowahi kuhukumiwa kwa makosa makubwa ya jinai, waliohukumiwa kwa kuwapiga wenzi wao, na watumiaji wa dawa za kulevya hawaruhusiwi. Bangi imo, hata katika majimbo yanayoiruhusu, kwa sababu sheria ya taifa bado inaikataza. Anayeuza bastola yake mwenyewe bila kuwa mfanyabiashara, sheria ya taifa haimlazimishi kufanya uchunguzi huo, wala Kentucky haimlazimishi.

Kentucky ni kati ya majimbo yaliyolegeza sana. Tangu mwaka 2019 mtu mwenye miaka 21 anayeruhusiwa kumiliki bastola anaweza kuibeba chini ya nguo bila kibali chochote. Na tangu 2006 sheria ya jimbo hilo inasema kwamba anayeshambuliwa mahali anapostahili kuwapo hana wajibu wa kukimbia kwanza. Lakini ni lazima awe ameamini, kwa sababu inayoeleweka, kwamba maisha yake au ya mwenzake yako hatarini. Mtu anayezungusha kitasa kisha akaondoka, ukimfuata uani na kumpiga risasi ya mgongoni, utaeleza mbele ya baraza la mahakama ni hatari gani uliyokuwa ukiikinga.

Sasa nifike mahali ninapotaka asome mwenyewe, na asome mara mbili. Mdogo wako si raia bado. Kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani, mgeni akihukumiwa kwa kosa la silaha, kosa hilo peke yake linatosha kumfanya afukuzwe nchini, hata kama ana kadi ya ukaazi na watoto waliozaliwa huko. Raia mwenye kosa hilohilo angetumikia adhabu yake akarudi nyumbani kwake. Mtu akimwomba “ninunulie wewe, mimi karatasi zangu zina tatizo”, akakubali, hilo ni kosa la jinai la taifa, na tangu sheria ya Juni 2022 adhabu yake inaweza kufika miaka 15 gerezani. Katika jamii zetu, ambako ni vigumu kumnyima ndugu kitu, naliogopa hilo kuliko mwizi.

Mkaazi wa Katoyi (Goma):

Namshukuru Mwanasheria, ila naona kwamba tunaanza kumwogopesha kijana kwa mambo ambayo hajayafanya. Nitasema ninavyoamini, na mnisamehe ikiwa nitamkwaza mtu.

Hapa Goma wezi wenye silaha wakiingia kwa jirani, tunapiga filimbi na masufuria. Nyumba ya kwanza inaanza, ya pili inajibu, hadi mtaa mzima unalia kama karakana ya bati. Mwaka juzi tulipiga hivyo kwa karibu saa nzima, na walioingia kwa jirani yangu walimaliza shughuli zao bila haraka, kwa sababu walijua kwamba hakuna yeyote kati yetu mwenye kitu cha zaidi ya sufuria. Nilikuwa nimeshika mfuniko mkono mmoja na mwiko mkono mwingine, nikimsikia jirani akiomba. Sitausahau ule mfuniko.

Mtasema Marekani ina polisi. Ndiyo, lakini mwaka 2005 Mahakama Kuu yao ilisikiliza kesi ya mama mmoja wa Castle Rock, Colorado, aliyekuwa na amri ya mahakama dhidi ya mume wake, na ambaye usiku mmoja wa mwaka 1999 aliwaita polisi tena na tena wakati mume huyo amewachukua binti zao watatu. Mabinti wote watatu waliuawa. Mahakama iliamua kwamba katiba haikumpa mama huyo haki ya kudai polisi waitekeleze amri ile. Kama serikali haiwajibiki kufika, mwenye nyumba afanye nini kati ya kupiga simu na wao kufika?

Kuna jambo jingine ambalo sisi weusi tunalisahau. Katika hukumu ya mwaka 1857 dhidi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani, Jaji Taney, akieleza kwa nini Mtu Mweusi hawezi kuwa raia, alitaja miongoni mwa hatari kwamba angekuwa na haki ya kubeba silaha popote aendapo. Baada ya utumwa kukomeshwa, baadhi ya majimbo ya Kusini yalitunga sheria za kuwanyang'anya bunduki walioachwa huru, na usiku wakaja waliofunika nyuso. Martin Luther King, baada ya nyumba yake ya Montgomery kurushiwa bomu mwaka 1956, aliomba kibali cha kubeba bastola akanyimwa. Mwaka 1964 huko Jonesboro, Louisiana, wanaume weusi waliunda kundi la kuwalinda kwa silaha wanaharakati wa haki za raia. Na Black Panthers, chama cha wanaharakati Weusi, walipoanza kulinda mitaa yao California wakiwa na bunduki wazi, mwaka 1967 gavana Ronald Reagan alitia sahihi sheria ya kukataza kubeba bunduki zenye risasi hadharani. Kwa hiyo mtu anapomwambia mkimbizi Mkongo kwamba silaha si kitu chake, mimi huuliza ni nani mwingine aliyewahi kuambiwa hivyo.

Muuguzi wa Ndosho (Goma):

Kaka wa Katoyi, nimekusoma kwa heshima, na kuhusu ule mfuniko nakuelewa kabisa. Mimi nimesafisha majeraha ya risasi kwa miaka mingi, ya askari na ya watoto, kwa hiyo nitaongea kutoka pale ninapokaa.

Mwaka 2023 Wamarekani 46,728 walikufa kwa risasi, na zaidi ya 27,000 kati yao walijiua wenyewe. Watu wanapoitaja bunduki ya Marekani huwaza mauaji ya shuleni, na mauaji hayo yapo, lakini maiti nyingi zaidi ni za mtu aliyekuwa peke yake chumbani. Anayekunywa sumu au vidonge mara nyingi tunamwahi, na wengi wanaookolewa hawarudii. Aliyejipiga risasi kwa kawaida hatumwahi. Mdogo wa Dada Yaya amepitia vita, kambi, na sasa zamu za usiku katika nchi ambayo jirani hamsalimii. Sisemi kwamba ana mawazo hayo. Nasema kwamba saa mbaya humpata kila mtu, na ni vizuri saa hiyo ipite bila bastola kuwa kwenye droo ya kitanda.

Halafu watoto. Tangu mwaka 2020 risasi imepita ajali za barabarani na kuwa chanzo cha kwanza cha vifo vya watoto na vijana wa Marekani wenye umri wa mwaka 1 hadi 19. Na kuta, Dada: muulize kuta za ndani za nyumba yake ni za nini. Nyingi za kule ni fremu za mbao zilizofunikwa kwa bodi nyembamba za jasi, na risasi ya bastola huzipita kama inavyopita mbao za nyumba zetu hapa Ndosho. Ukikosa mtu mlangoni, risasi inaendelea na safari hadi ikute kitu kigumu, au mtu.

Louisville yenyewe inaijua habari hii. Usiku wa tarehe 13 Machi 2020 polisi walivunja mlango wa nyumba ya Breonna Taylor, mhudumu wa dharura wa miaka 26. Mwenzi wake, aliyemiliki bastola kihalali, alisema hakusikia wakijitambulisha, akadhani ni wavamizi, akafyatua risasi moja iliyompata askari pajani. Polisi walijibu kwa risasi 32, na aliyekufa ni Breonna, ambaye hakuwa ameshika kitu. Baadhi ya risasi zilipenya hadi nyumba ya majirani waliokuwa na mtoto. Mwanamume yule alishtakiwa kwa kujaribu kumuua askari, ingawa mashtaka yalifutwa baadaye. Alifanya kile hasa ambacho sheria inaruhusu. Mdogo wako ni Mweusi na Kiingereza chake bado kina lafudhi ya kwetu. Mnamkumbuka yule kijana wetu Mkongo aliyeuawa na polisi Grand Rapids, Michigan, Aprili 2022, alipokuwa amesimamishwa barabarani na gari lake. Hakuwa hata na bastola.

Lakini swali langu kubwa ni dogo, na nashangaa halijaulizwa. Kaka anafanya kazi usiku. Mlango ulizungushwa usiku. Hiyo bastola itakaa na nani? Kama ataenda nayo kazini, italala garini, na bastola nyingi zinazoibwa kule huibwa humo garini. Kama itabaki nyumbani, basi mwenye bastola ni wifi, siyo yeye. Kuna mtu aliyemuuliza wifi?

Mzee wa Ruashi (Lubumbashi):

Wanangu, nimesoma yote. Wakubwa wenzangu wa Katanga wanakumbuka miaka ya 2004 na 2005, mchungaji Ngoy Mulunda na shirika lake la PAREC walipokuwa wakiwaambia watu walete bunduki wapewe baiskeli. Niliwaona kwa macho yangu wanaume waliotoka porini na silaha zimefungwa kwa kitambaa kama mtoto, wakaondoka wakisukuma baiskeli mpya ambazo karatasi za kiwandani zilikuwa bado zimezungushwa kwenye vyuma. Mmoja alikuwa mtu wa ukoo wetu. Aliuza mahindi kwa baiskeli ile kwa miaka.

Nawaeleza hili kwa sababu nilisikia kutoka kwa mjukuu wangu aliye huko kwamba Kentucky ina sheria inayotaka bunduki zilizokamatwa na polisi ziuzwe kwa mnada. Sikuamini, nikamwomba Mwanasheria athibitishe. Ameniambia ni kweli. Aprili 2023 mtu aliingia benki moja katikati ya Louisville akaua watu watano kwa bunduki aliyoinunua kihalali siku sita kabla, na meya wa mji akalalamika hadharani kwamba kwa sheria ya jimbo bunduki hiyohiyo ingeweza kurudi sokoni. Mzee kama mimi hawezi kulielewa hilo hata akielezwa kwa Kiswahili.

Mwanasheria ameeleza vema chanzo. Wao waliipata nchi yao kwa bunduki za nyumbani, na kila mtoto hufundishwa hivyo. Babu zetu waliijua bunduki begani mwa askari wa Force Publique, jeshi la mkoloni, aliyekuja kudai utomvu wa mpira. Ndiyo maana mama yenu aliilaza simu.

Mkaazi wa Katoyi (Goma):

Muuguzi, swali lako la mwisho limenifunga mdomo, nakiri. Nilimwaza mwanamume aliyesimama mlangoni, nikasahau kwamba mwanamume huyo yuko ghalani. Bado naamini kwamba haki yake ni haki yake. Ila Dada Yaya, akiamua kununua, asikubali kutoka dukani bila kufuli: muuzaji mwenye leseni anatakiwa kisheria kumpa kifaa cha kuifungia pamoja na bastola. Na ajifunze kwanza kwenye uwanja wa kulenga shabaha, yeye na mke, kabla ya kulipa.

Yaya wa Kadutu (Bukavu):

Nimekawia kurudi kwa sababu umeme ulikatika siku mbili. Asanteni sana, kila mmoja kwa sehemu yake.

Jana nilimpigia mdogo wangu nikamsomea maneno ya Mwanasheria kuhusu kufukuzwa nchini. Alinyamaza, kisha akasema hakujua, na kwamba yuko kazini mtu aliyekwisha kumwomba amnunulie kwa jina lake. Nilihisi miguu imeniisha nguvu. Amesema atamkatalia.

Kisha nikaomba kuongea na wifi. Nilimuuliza kama Muuguzi alivyoandika: bastola ikiingia humo ndani, itakaa na nani? Akacheka kidogo, akasema mimi ni mtu wa kwanza kumuuliza. Anasema anachokiogopa zaidi ya kile kitasa ni kukaa na kitu hicho usiku kucha akiwa na mtoto wa miaka minne anayefungua kila kabati. Alichoomba ni mume ahamie zamu ya mchana, hata kama mshahara utapungua, na mlango wa nyuma uwekewe komeo la chuma. Komeo limewekwa, alinionyesha kwa simu, akalifunga na kulifungua mara tatu. Ombi la zamu ya mchana limepelekwa kwa msimamizi, na jibu linatarajiwa mwisho wa mwezi.

Mdogo wangu hajaahidi kwamba hatanunua kamwe. Amesema hatagusa jambo hilo kabla ya kuapishwa uraia, na hadi hapo atafikiri. Mama ameyasikia yote kupitia spika ya simu, na mara hii hakuilaza.

Mwanasheria, nina swali moja limebaki: yule anayemwomba amnunulie akiendelea kumsumbua, au akitumia jina lake bila ruhusa, mdogo wangu aanzie wapi ili ajikinge?

Mwanasheria wa Katuba (Lubumbashi):

Dada, aanze leo. Amkatalie kwa ujumbe wa maandishi, kwa maneno mafupi na wazi, na autunze ujumbe huo pamoja na ule wa kuombwa. Asimpe mtu yeyote picha ya kadi yake wala ya leseni yake ya udereva. Kisha shirika lililowapokea kama wakimbizi aliulize jina la mwanasheria wa uhamiaji, amweleze yote kabla hajamweleza mtu mwingine. Akishampata, niandikie, tuangalie pamoja maswali ya kumuuliza.